Gari Lililozima Penye Kaburi

Nianze na kaburi, maana kila mtu pale nyumbani Lurambi alianza nalo. Mume wangu tulimzika kando ya njia itokayo mlangoni kwenda langoni, upande wa kulia, hatua kama arobaini kutoka nyumbani. Upande wa kushoto kulikuwa na mfereji, na mvua ya Kakamega ya saa tisa alasiri haimheshimu mtu, aliye hai wala aliyelala. Kwa hiyo kila atokaye na kila aingiaye ilibidi apite ubavuni mwake.

Miezi miwili baada ya mazishi nilirudi kazini. Nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ndogo njia ya Matete, upande wa akina mama wajawazito, na zahanati ile haikuwa na gari. Gari lilikuwa lile la mume wangu, stesheni wagoni la kijivu ambalo kiti chake cha nyuma tulikuwa tumekikunja ili mama akizidiwa alazwe akapelekwe hospitali kubwa. Alipokuwa hai, yeye ndiye aliyelipasha moto kila asubuhi huku mimi nikimalizia chai, kisha akanipeleka. Mimi nililiendesha Jumapili tu, tukitoka kanisani, na hata hapo mguu wake ulikuwa ukikanyaga breki hewani mpaka nikamwambia ashuke atembee.

Asubuhi ya kwanza niliyokwenda peke yangu nilivuta choki, kile kishikio cha kuiamshia injini ya baridi, kama nilivyofundishwa, nikawasha, injini ikaitika vizuri. Nikakiachia kishikio, nikatia gia. Nikaenda hatua arobaini. Gari likazima.

Nikadhani ni mimi. Nikawasha tena, likatikisika, likazima. Mara ya tatu likaendelea, na kuanzia hapo halikuzima tena mpaka Matete na kurudi. Kesho yake likazima pale pale. Na kesho kutwa. Kufikia Ijumaa vijana wawili wapeleka maziwa walikuwa wamezoea kulaza baiskeli zao kwenye ua na kuja kunisukuma kabla hata sijawaita, nao walisukuma wakitazama upande wa kushoto, kwenye mfereji, wasije wakakutana macho na msalaba.

Maneno hayakuchelewa. Nilisikia kwamba mwenyewe anakataa gari lake liendeshwe. Halafu mwenye akili zaidi akagundua kwamba jioni, nikirudi, gari linapita pale kaburini bila hata kukohoa, akatoa maelezo yake: mwenyewe anakubali nirudi nyumbani, ila hakubali nitoke. Ananionea wivu.

Wivu! Niliposikia hilo nilicheka mpaka jirani aliyeniletea habari akaniogopa. Yeye anionee mimi wivu? Yeye mwenye pegi?

Sasa niseme habari ya pegi, ambayo sikumwambia mtu hata mmoja. Siku moja kabla ya kurudi kazini nilisafisha gari. Nilitoa magazeti, nikatoa makoti mawili, nikapangusa vioo. Nilipokishusha kile kibao cha kukinga jua, juu ya kichwa cha dereva, nikaona nyuma yake imebanwa pegi ya kuanikia nguo. Ya plastiki. Ya buluu. Mimi pegi zangu zote zilikuwa za mbao. Na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamume wa kwetu kabisa: ungemuuliza kamba ya nguo iko upande gani wa nyumba, angekwenda kukuonyesha zizi la ng'ombe. Basi pegi ya mwanamke ilimfikiaje, akaithamini mpaka akaibana mahali mtu anapobana barua?

Nikakumbuka Jumamosi zake. Kila Jumamosi mchana alikuwa akiaga anakwenda kwa fundi. Gari gani hilo la kuugua kila Jumamosi? Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na pegi mkononi, na machozi niliyokuwa nikimlilia kwa miezi miwili yakakauka palepale. Nilikasirika. Kumkasirikia maiti ni kazi mbaya, maana hajibu, na wewe huachi kuuliza.

Niliifunga pegi ndani ya leso nikaitia kwenye mkoba wangu. Ushahidi hauachwi nyumbani. Tangu siku hiyo nikaanza kutazama kamba za watu. Muuguzi ana ruhusa ya kuingia boma lolote, na mimi niliingia mengi, nikiuliza habari za mtoto na chanjo huku jicho likipita juu ya mashuka. Mama mmoja muuza mandazi nilimkuta na pegi nne za buluu. Niliacha kununua mandazi yake, nikaacha na kumsalimu. Masikini, hakujua amekosa nini. Na kaburini nyasi zikaota. Watu walipouliza ni lini tutatia simiti, nilisema tusubiri udongo ulale. Walinisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza, nilikuwa nimenuna.

Sasa shemeji. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa mkulima wa miwa upande wa Matungu, mtu mpole wa sauti, mwenye tabia ya kulizunguka gari na kugusa magurudumu kwa ncha ya kiatu. Alikuja mara ya kwanza kunipa pole, mara ya pili kuuliza habari ya gari, na mara ya tatu akasema wazi. Mwaka ukitimia tungefanya makumbusho, ukoo wote ungeketi, na mambo ya vitu vya marehemu yangezungumzwa. Kama gari bado lingekuwa linakataa kutoka nyumbani, afadhali liende Matungu likakae kwa watu wake. Alisema hivyo kwa upole kabisa.

"Mulamwa," aliniambia, akitumia lile jina letu la mashemeji, "mimi siwezi kubishana na mtu ambaye amelala. Yeye mwenyewe anaonyesha."

Nilijua anachokitaka. Msimu wa miwa mtu mwenye gari ni mfalme. Lakini nikifikiria akina mama wangu kule njia ya Matete, wakilazwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe na mtoto amekwama, nilizifumbata funguo zake. Gari lile likienda Matungu lisingerudi, hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Basi nikaenda kwa fundi. Ndiyo, huyo huyo wa Jumamosi. Banda lake lilikuwa mjini, mabati juu ya nguzo nne, na ardhi nyeusi kwa oili. Nilimchukia kabla sijamwamkia. Niliona kwamba kama mume wangu alikuwa na mwanamke, basi huyu ndiye aliyekuwa mfuniko wa chungu. Nilipofika mara ya pili nikamkuta shemeji wa Matungu ameegemea nguzo, wanacheka pamoja, nao waliponiona wakaacha. Nikajiambia, haya, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu amelipwa aliue gari.

Kwetu wakati ule mwenye gari hakuliacha kwa fundi, hata kama fundi ni ndugu yake wa tumbo moja. Kila mtu alikuwa na kisa cha jirani aliyekwenda kunywa chai, akarudi akakuta plagi zake mpya zimezeeka. Ulikaa. Ulipewa mtungi mtupu wa oili ukaukalia, ukatazama mikono ya fundi mpaka amalize, ukaondoka na gari lako siku ileile. Nami nilikaa, mkoba juu ya mapaja, sipepesi macho. Nilikuwa nimebandika hata vipande vya plasta ya hospitali juu ya betri, na juu ya kabureta, na juu ya koili, nimevitia alama kwa kalamu. Fundi alifungua boneti akaviona. Akanitazama, akakohoa, akafanya kazi akivizunguka.

Aliniuliza gari lina nini. Nikamwambia linazima. Wapi? Njiani. Saa ngapi? Nikasema saa yoyote. Nilidanganya, ndiyo. Ningemwambia linazima penye kaburi, kufikia jioni habari ingekuwa Matungu, imethibitishwa na fundi mwenye banda lake. Mimi niliyekuwa nikiwaambia akina mama kila siku ya Mungu kwamba mficha uchi hazai, nilikaa pale juu ya mtungi nikafunika ugonjwa wangu kwa mikono miwili.

Alisafisha kabureta. Alibadilisha plagi. Alimwaga petroli yote ndani ya karai akaitazama kama ina maji. Kila mara akiwasha, injini iliimba. Kutoka Lurambi mpaka mjini ilikuwa imekwisha kupata moto, nayo ikiwa moto haikuwa na ugonjwa. "Sista, hii gari haina shida," alisema, na mimi nikasikia: nimelipwa.

Siku moja nilijaribu ujanja. Jioni niliegesha gari nyuma ya nyumba, na asubuhi nikatokea upande wa migomba, mbali na kaburi, kwenye kijia cha ng'ombe. Nikaenda. Likazima katikati ya migomba, na nilipogeuka kupima kwa macho, ilikuwa kama hatua arobaini kutoka mlangoni. Mtu mwenye akili zake angepiga hesabu pale pale, akaliacha kaburi na kuzitazama zile hatua. Mimi nilikufa ganzi. Nilijiambia, amenifuata mpaka huku. Sikuwa naamini mambo hayo, nilikuwa nimesoma, nilikuwa na cheti ukutani, lakini nilishuka nikafunga mlango taratibu sana, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

Ikabaki wiki moja kufikia makumbusho. Nilirudi bandani mara ya sita au ya saba, na safari hiyo fundi hakufungua boneti. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, nikaona kwamba amekasirika.

"Sista, wewe unaniletanga mgonjwa amepona njiani," akasema. "Mimi nitatibu nini? Wacha hii gari ilale hapa, niione asubuhi ikiwa baridi."

Nikakumbatia mkoba. Ilale hapa, na wewe, na rafiki yako wa Matungu? Nikakataa.

"Basi nije kwako," akasema. "Nije kabla hujaigusa."

Nilitaka kukataa na hilo pia. Lakini lile neno la mgonjwa kupona njiani lilinichoma, kwa sababu lilikuwa langu. Ni mara ngapi mama amenijia saa sita mchana, ametembea kutoka mbali, mtoto anacheka mgongoni, ananiambia usiku alikuwa anachemka? Nami nikamwambia, lete mtoto homa ikiwa juu, nitajuaje? Nikamkubalia fundi. Nikamkubalia kwa shingo upande, na usiku ule nikakagua plasta zangu zote.

Alikuja Alhamisi, kumepambazuka, kwa baiskeli, ukungu wa msitu ukiwa bado umekaa juu ya paa. Shemeji alikuwa amelala kwetu tangu jana yake kwa sababu ya matayarisho. Alikwisha kuamka, amevaa koti zito, anakunywa chai amesimama wapi? Kaburini. Walisalimiana na fundi kwa vichwa tu, nami nikaona kwamba wanajifanya hawajuani.

Fundi hakufungua boneti. Aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo kidogo, jinsi ninavyomgusa mtoto paji la uso. Akasema iko baridi, vizuri. Akaingia upande wa abiria, akaniambia nifanye kama ninavyofanya kila siku, nisiongeze wala nisipunguze.

Nikavuta choki. Nikawasha. Ikaitika. Nikaachia, nikatia gia, tukaenda juu ya vile vishimo vya njia yetu, gari likiyumbayumba. Yeye hakuwa anasikiliza injini. Alikuwa anatazama dashibodi. Tukafika kwa shemeji na kikombe chake, injini ikashika kwikwi, ikazima.

"Si mmeona?" shemeji akasema, si kwa ubaya. "Hapo hapo. Ni mwenyewe."

Nilimtazama fundi nikisubiri amwunge mkono, niwajue wote wawili mara moja.

Fundi hata hakugeuka. Alinyoosha mkono akavuta kile kishikio cha choki mpaka mwisho, akakiachia, kisha akagonga dashibodi kwa ngumi, taratibu, mara tatu, kama vile vishimo vya njia vinavyogonga. Kishikio kikaanza kurudi ndani chenyewe. Kilirudi polepole kama konokono, mpaka kikaisha. Miezi yote ile nilikuwa nikikivuta na kukisahau, macho yangu yakiwa kule mbele kwenye msalaba.

"Meno ya hii waya yaliisha zamani," akasema. "Asubuhi na hii baridi inanyima injini petroli kabla haijapata moto; jioni na joto la jua haihitaji choki. Lakini mzee alikuwa anajua. Sista, ile pegi iko wapi?"

Nikaubana mkoba.

"Ile ya buluu," akasema. "Nilichukua kwa kamba ya bibi yangu, nikamwambia mzee abane nayo hapa asubuhi, akipata moto atoe, mpaka nipate waya ingine. Nikapata waya. Akakataa. Akasema pegi inatosha, yeye anapendanga kuja tu kukaa." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Bibi alininunia wiki mzima. Aliniuliza ni mwanamke gani nimempelekea pegi."

Mkoba ulikuwa juu ya mapaja yangu, mahali pake pa kila siku. Nilikuwa nimekaa nao hivyo hivyo bandani kwake, juu ya ule mtungi, mara sita au saba, nikimlinda mwizi asiniibie, na dawa ya gari iko ndani, imefungwa kwa leso. Nilifungua. Nilikunjua leso mbele yake, na pegi ikawa pale, safi, haina hata vumbi, jinsi nilivyokuwa nimeitunza.

Fundi aliitazama pegi, akaitazama leso. Alikuwa mtu mzima mwenye mke. Akaichukua, akavuta choki, akaibana pegi nyuma ya kishikio, ikakaa mahali pake kama imezaliwa pale.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Tukampita shemeji, tukalipita kaburi, tukafika langoni, tukatoka mpaka barabarani. Wale vijana wa maziwa walikuwa wamekwisha kulaza baiskeli zao. Nilirudi kinyumenyume mpaka pale pale kaburini, injini ikinguruma bila kusita. Shemeji alikuwa amesimama na kikombe, chai imepoa. Alitazama gari, akatazama msalaba, na nikiri kwamba alikuwa muungwana kuliko nilivyomdhania.

"Basi amekubali," akasema. "Nitawaambia wazee amekubali." Akaingia ndani kuomba chai nyingine. Jumamosi ile ya makumbusho aliwaambia hivyo hivyo, na gari halikwenda Matungu. Kuhusu kicheko chao kule bandani, baadaye fundi aliniambia walikuwa wakizicheka plasta zangu.

Lakini hayo ni ya Jumamosi. Asubuhi ile fundi aliposhuka kuchukua baiskeli yake, mimi nilibaki kwenye usukani. Nilifikiria zile Jumamosi za mume wangu: amekaa juu ya mtungi chini ya mabati, na fundi, wakipiga domo, basi. Hakukuwa na zaidi. Nilifikiria nyasi. Nikapeleka mkono nikazima injini mimi mwenyewe, ikiwa bado baridi, ubavuni mwake.

Nilishuka na sare yangu nyeupe nikapiga magoti kwenye umande. "Nisamehe, baba," nilimwambia, "ningekuuliza ungenijibu, lakini nilikuta umeshaenda." Nikaanza kung'oa nyasi. Nikalia. Yale machozi ya miezi kumi yalikuja yote pamoja, bila mpangilio, nikilia na kung'oa, mpaka magoti yakawa na matope na mikono ikanuka udongo, na shemeji akatoka mlangoni akaona, akarudi ndani polepole.

Njiani nilisimama kwa yule mama wa mandazi nikanunua mengi kuliko tunayoweza kula. Nilifika zahanati saa nne kasoro, foleni imefika mpaka nje. Mwenzangu aliyaona magoti yangu akanihurumia, akaniuliza kama gari limezima tena pale penye kaburi.

Nikamwambia leo nimelizima mwenyewe.